Daftari Lisilo na Pengo

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilichukua futikamba, penseli na daftari, nikapanda kilimani nyuma ya nyumba yetu. Hatua mia mbili na kumi, nilizihesabu mwenyewe. Huko juu, katikati ya majani, palikuwa na ufa mrefu uliopinda kama mstari wa mtoto asiye na rula. Kila upande wa ufa ule kulikuwa na chuma kilichogongomelewa ardhini. Kazi yangu ilikuwa kupima kutoka chuma hadi chuma, kuandika namba, kisha kushuka. Dakika kumi na tano tu.

Nikishuka nilimkuta Bibi mlangoni akichambua maharage. Aliniuliza neno moja tu.

“Umepima?”

“Nimepima, Bibi.”

“Haya, njoo, chai inapoa.”

Bibi ndiye aliyenilea, maana mama alifanya kazi mji wa mbali na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Goti la Bibi lilikuwa bovu, hakuweza kupanda kuuona ufa kwa macho yake. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa mtaani. Juu yetu kilima, chini yetu nyumba thelathini na kitu. Aliniita Chiriku, na wala si kwa utamu wa sauti. Nilikuwa na domo.

Vyuma vile viliwekwa na mwanamke mmoja mrefu, mhadhiri wa sayansi ya ardhi na mazingira katika chuo kikuu. Mtaani walimwita Daktari wa Mawe. Siku ya kwanza alipofika, mzee jirani yetu alimfuata na kikohozi chake, akafungua vifungo vya shati tayari kupimwa kifua.

“Samahani, baba,” Daktari alimwambia. “Mimi natibu vilima. Kilima kikikohoa ndipo naitwa.”

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo nikiyakumbuka maneno yale sicheki.

Daktari alinionyesha jinsi ya kuikaza futikamba isilegee, na jinsi ya kusoma milimita. “Ufa huu unatembea kidogo kidogo,” alisema. “Ukiongezeka milimita tano kwa siku moja, usingoje. Mwambie Mwalimu Mkuu anipigie simu. Mimi niko mbali, Chiriku. Macho yangu hapa ni wewe.”

Muda si mrefu, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa shule. Chuo kikuu kilitaka mwanafunzi mmoja, mwanasayansi chipukizi. Angekwenda maabara kila likizo, na Daktari mwenyewe angekuwa mlezi wake wa masomo mpaka amalize sekondari. Chini kabisa paliandikwa: *Tutachagua kwa kuyatazama madaftari ya vipimo ya wiki nane.*

Niliitaka nafasi ile jamani! Niliiota. Nilijiona nimevaa koti jeupe, nagonga mawe kwa nyundo, watu wananipisha njia.

Tulibaki wawili wa kushindania, na usaili ulipangwa mwisho wa wiki ya nane. Mwenzangu tulimwita Profesa, kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Yeye alipima mvua katika bustani ya shule. Daftari lake, Mungu wangu, lilikuwa aibu. Lilikuwa na madoa ya tope, tena kila baada ya siku kadhaa palikuwa na nafasi tupu. *Sikupima, nilikuwa na homa. Sikupima, mbuzi ameangusha chombo. Sikupima, nilisahau.*

“Profesa,” nilimwambia mbele ya darasa zima, “daftari lako lina mapengo mengi kuliko mdomo wa babu yako.”

Darasa likaangua kicheko. Yeye alirekebisha miwani yake tu. “Sasa niandike nini, na mbuzi kamwaga?” aliuliza.

Langu lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Wiki saba, siku arobaini na tisa, hakuna hata pengo moja. Jumamosi ya mwisho kabla ya usaili nilipima milimita mia nane kumi na saba.

Jumapili mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kuchezea. Njia ya kilimani iligeuka kijito cha matope. Nilisimama dirishani nimeshika futikamba, nikawaza. Ufa ule ulikuwa ukiongezeka milimita moja kila baada ya siku mbili. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kubashiri. Nikaketi kitandani, nikaandika: 818.

“Umepima?” Bibi aliuliza kutoka jikoni.

“Nimepima.”

Mara ya kwanza moyo ulidunda. Jumatatu ulidunda kidogo. Jumanne haukudunda kabisa, na hapo ndipo ningepaswa kujua nimeharibikiwa. Mvua haikukatika. Nami sikupanda. Daftari likaendelea kujaa: 818, 819, 819. Wahenga hawakukosea, mzaha mzaha hutunga usaha.

Jumanne hiyohiyo mlango wetu wa mbele ulianza kukwaruza sakafu. Bibi aliusukuma kwa bega. “Mbao zimevimba kwa mvua,” alisema. Jumatano maji ya chemchemi, ambayo siku zote yalikuwa meupe, yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Mimi niliyaona, nikageuza ndoo, nikaenda kuteka bombani. Sikumwambia mtu, mimi mwenye domo.

Alhamisi Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Daktari alikuwa kwenye simu.

“Nisomee namba za wiki hii, Chiriku.”

Nilisoma bila kukwama, mpaka ya siku ile: 820.

Nilisikia akigeuza karatasi. “Mvua yote hiyo, na ufa umeongezeka milimita tatu tu? Una hakika?”

“Nimepima mwenyewe, Daktari.”

Jioni ile mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba na mwavuli wake uliovunjika. Alikuwa ameshaomba madarasa mawili ili familia za juu zihamie. Sasa alikuwa anayarudisha. “Tulieni majumbani mwenu,” alisema. “Daktari ameona vipimo. Kilima kimelala.”

Bibi akanipiga kofi la upendo mgongoni. “Unasikia? Ni kazi ya mjukuu wangu hiyo!” Niliinamia kikombe changu. Chai ilikuwa chungu.

Ijumaa nikaandika 820 nyingine. Nikienda shule, niliona nguzo ya umeme iliyo jirani na choo chetu imeinama kuelekea bondeni. Waya zake upande mmoja zimekaza, upande mwingine zinaning'inia. Nilipita haraka bila kuangalia nyuma.

Jumamosi ilikuwa siku ya usaili. Mvua ilikuwa imekatika na jua kali likatoka. Nilijua Daktari angeuliza kipimo cha leo, kwa hiyo nikapanda. Majani yalikuwa yamelala chini. Hakukuwa na upepo, lakini nilisikia maji yakitiririka, na sikuona maji popote. Yalikuwa chini ya miguu yangu.

Nilipofika kwenye ufa nilisimama kama nimepigwa msumari. Upande wa chini ulikuwa umeshuka. Ningeweza kuutumbukiza mguu wangu mpaka gotini. Nilipima. Nikapima tena. Mia nane sabini na moja.

Hesabu ilikuwa rahisi. Jana nimeandika mia nane na ishirini. Nikiandika namba ya kweli, wataniuliza hizo milimita hamsini na moja zimetoka wapi. Na nafasi yangu itakwenda na maji. Nikajiambia: mvua imekwisha, kilima kitakauka, hakuna atakayejua. Basi, kwa mkono wangu huu, nikaandika 821.

Bibi alikuwa mlangoni, anahema. Alikuwa amepigana na mlango mpaka ukafunguka nusu.

“Umepima?”

“Nimepima.”

“Kimelala?”

“Kimelala, Bibi.”

“Basi nami nijilaze kidogo. Mlango huu umenimaliza. Nenda, mwanangu, ukashinde.”

Ofisini, Daktari alikaa na Mwalimu Mkuu, mimi na Profesa tukasimama mbele yao. Alilitazama daftari la Profesa kwanza, akafika kwa mbuzi, akatabasamu. Halafu akafungua langu. Kidole chake kilishuka taratibu juu ya namba zangu, kikafika wiki ya mvua, kikaenda polepole zaidi.

“Daftari zuri,” alisema. “Halina hata pengo moja.” Hakutabasamu. “Unajua, Chiriku, Alhamisi mwenyekiti aliniuliza kama awahamishe watu. Sikuwa na kitu kingine cha kutegemea ila namba hizi. Nikamwambia wakae. Bibi yako yuko wapi sasa hivi?”

“Amelala,” nilijibu.

Neno hilo liliponitoka mdomoni, nilimwona Bibi kitandani na mlango ule umekwama. Nikaanza kulia kwa sauti mbele yao wote.

“Si za kweli! Daktari, si za kweli! Sikupanda wiki nzima!”

Mwalimu Mkuu alisema, “Ati nini?” Daktari alikuwa ameshasimama.

“Kipimo cha kweli cha mwisho ni kipi?”

“Leo asubuhi. Mia nane sabini na moja. Nimeandika uongo.”

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Uso wake ulikauka, akamgeukia Mwalimu Mkuu. “Piga kengele. Ipigwe bila kuacha. Mpigie mwenyekiti, kila mtu aondoke kilimani, vitu waache.” Profesa alikimbilia kengele. Mimi na Daktari tukakimbilia nyumbani.

Bibi alikuwa ameufunga mlango ili alale. Nilipousukuma haukutikisika hata kidogo.

“Bibi!”

“Nipo!” sauti yake ilitoka ndani. “Mlango umekataa katakata! Na ukuta huu unalia, Chiriku, unalia kama mtu!”

Nami nilisikia. Ulikuwa mlio wa kukatika, kama mtu anayetafuna mawe. Yule mzee wa kikohozi alikuja na mtaimbo, akang'oa dirisha kwa mapigo matatu. Tukamvuta Bibi nje, Daktari mkono mmoja, mimi mkono wa pili.

“Polepole, mimi si gunia!” alifoka. Lakini hakuuachia mkono wangu.

Watu walishuka na watoto mgongoni, kengele ikilia tu. Wengine walilalamika kwamba waliambiwa kilima kimelala. Kila niliposikia neno hilo nilitamani ardhi inimeze. Saa saba mchana hakubaki mtu katika nyumba za juu. Mwenyekiti aliwahesabu kwa majina, mara mbili.

Saa kumi kilima kiliteremka.

Tulikuwa uwanja wa shule. Kwanza ile nguzo ya umeme ililala. Kisha ulikuja mngurumo ulioingia miguuni kabla ya masikioni. Nyumba yetu ilikwenda ya kwanza, na nyingine nane zikaifuata. Kishindo kilipotulia, pale tulipokunywa chai miaka yote palikuwa na udongo mwekundu mtupu. Hakuna aliyekufa. Hata leo naisema sentensi hiyo kwa hofu.

Jioni, katika darasa walilotupa tulale, Bibi aliniita nikae karibu naye kwenye mkeka. Nilishamwambia kila kitu. Hakunipiga wala kupandisha sauti.

“Nyumba ni matofali,” alisema. “Nitaililia, nitanyamaza. Lakini asubuhi nilikuuliza, ukaniambia kimelala. Mimi sikujilaza juu ya kitanda, Chiriku. Nilijilaza juu ya neno lako.”

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Aliniacha nilie.

Wiki iliyofuata Daktari alirudi. Nafasi alipewa Profesa, na nilimpigia makofi. Nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi kwa yale ya mdomo wa babu yake. Kisha Daktari akaniita tukaketi kwenye ngazi za darasa, akatoa daftari langu.

“Nilipoomba kazi chuoni,” alisema, “tulikuwa wengi, na wenzangu walikuwa na madaftari mazuri kuliko langu. Mwalimu aliyenichukua alifungua ukurasa mmoja tu. Nilikuwa nimeandika: sikupima, niliogopa kuvuka mto. Akaniambia, mtu anayeandika hivi, namba zake nyingine naweza kuziamini. Pengo si aibu, Chiriku. Pengo linaniambia sijui, basi niwe mwangalifu. Namba ya uongo inaniambia najua, nami nawalaza watu chini ya kilima.”

“Nimeharibu kila kitu,” nilisema.

“Umeharibu siku saba. Mwishoni ulisema kweli, na kweli hiyo ilikugharimu, ndiyo maana tunazika nyumba na hatuziki watu. Lakini usifute kitu humu. Piga mstari mmoja, ili uongo uonekane, kisha andika ukweli pembeni.”

Nikachukua penseli. Nilipiga mistari saba. Mara sita nikaandika *sikupima*. Ya saba nikaandika 871.

“Kuna vyuma vipya upande wa pili wa kilima,” Daktari alisema akisimama. “Vinahitaji mtu wa kuvipima. Hakuna zawadi wala maabara. Kuna nyumba ishirini chini yake.”

Sasa naishi na Bibi katika chumba kimoja karibu na shule. Asubuhi naamka, nachukua futikamba na daftari. Jana palikuwa na ukungu mzito, nikarudi kutoka nusu ya njia. Bibi alikuwa mlangoni na sinia la maharage.

“Umepima?”

“Sikupima, Bibi. Sikuiona njia. Nitajaribu tena mchana.”

Alisogeza sinia, akanipisha niingie.

“Basi andika hivyohivyo,” alisema. “Halafu njoo, chai inapoa.”