Walisema Nimechukua Nyota ya Msiria

Mwaka ule ziwa lilifungwa watu wasivue, na sisi wa Ujiji tukala ugali wa muhogo kwa sombe, yaani kisamvu, mchana, tukala tena usiku... Dagaa walikuwa wa wenye nazo. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, tulimzungumza kama tunavyomzungumza marehemu. Mwaka huo ndio niliitwa mchawi.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na mmoja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana wamenisemea vya kutosha. Nimelea watoto kwa kuuza mawese sokoni. Mawese yangu hayana maji wala ujanja. Hata watu wa Gungu walikuwa wanapanda bodaboda kuyafuata.

Mwanangu Ramadhani yumo kwenye kamati ya timu ya mpira hapa kwetu. Timu ikasajili mshambuliaji kutoka Siria, kijana aliyekwisha kucheza nchi mbalimbali za watu. Nitamwita Nizari. Jina lake hilo silo. Chumba changu cha uani kilikuwa wazi, Ramadhani akamleta na kuniambia nimtunze.

Nilimtunza. Alikuwa na adabu, kila asubuhi ananiamkia "mwakeye" kama Muha wa Kasulu. Nikawa namwita mume wangu, kama ninavyowatania wajukuu zangu wote. Naye akajua kujibu.

"Mke wangu, leo sombe tena?"

"Nenda kaoe mwingine akupikie kuku," namwambia.

Siku hizo alikuwa anafunga magoli, mji mzima unamshangilia. Nilitembea kifua mbele. Kwa nini nisitembee hivyo? Alikuwa anakula kwangu!

Kisha nikamkuta uani amekaa chini, goti limevimba kama papai. Akanishika mikono, akaniomba nisimwambie mtu, hata Ramadhani. Alisema timu ikijua goti limeharibika itamrudisha kwao, na kwao hakuna kilichobaki. Mama yake na wadogo zake walikuwa kwenye hema, nchi ya jirani na kwao, na wote walikula kwa mguu ule. Huyo mama nilishamwona kwenye simu. Hatukuelewana neno. Aliweka tu mkono kifuani, akalia...

Mimi nimewaona wakimbizi wakishuka mwambao huu tangu nikiwa msichana. Mtu asiye na pa kurudi namjua nikimwona. Nikamwapia kwamba sitasema.

Kila alasiri nilimkanda kwa maji ya moto, nikampaka mawese ya uvuguvugu huku namsomea dua. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Aliona nini? Kikongwe anampaka kijana mafuta mekundu, midomo inacheza. Basi, ikatosha.

Nizari akawa haufikii mpira tena, timu ikafungwa, ikafungwa tena. Watu wakatafuta sababu, wakanipata mimi. Bibi kamchukua nyota!

Sokoni wateja wakawa wananisalimia kwa mbali na kununua kwa wengine. Mawese yangu yakalala mpaka yakaganda. Nikaenda msibani Bangwe, nikashika kisu nimenye ndizi na wenzangu. Mama mmoja akanipokonya kile kisu taratibu, akasema, "Bibi, wewe pumzika tu." Wenzangu, mmeshawahi kupumzishwa hivyo? Nilikaa pembeni ya jiko kama mgonjwa, hakuna aliyetaka nishike chakula chake.

Ndipo kamati ikaja kwangu. Wakakaa barazani, Ramadhani wangu katikati yao. Nizari wakamwita kutoka chumbani. Mwenyekiti akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, akasema hawakuja kwa shari.

"Bibi, rudisha nyota ya kijana. Jumapili tuna mechi."

"Sikuchukua, sirudishi."

Akamgeukia Nizari, akamuuliza kama nilimpaka mafuta. Nizari akasema ndiyo. Wapi? Gotini.

"Mnasikia?" akasema mwenyekiti.

Nikamwangalia yule mtoto. Nikamsubiri aseme kilichobaki. Neno moja tu, kwamba goti linauma... Akainamisha kichwa. Angeweza kuniokoa pale pale, naye akanyamaza!

Nami ningeweza kumpandisha suruali waone lile goti. Mkono uliniwasha. Lakini nikamwona mama yake na mkono wake kifuani, nikashindwa.

Ramadhani akaniinamia sikioni, "Mama, kubali tu yaishe. Sema umerudisha. Ni maneno tu."

Ni maneno tu? Nikikubali, mimi mchawi kwa kinywa changu, na wajukuu zangu ni wajukuu wa mchawi. Nikikataa, mimi mchawi mkaidi. Nikisema ukweli, watu wanalala njaa kwenye hema. Niambieni nyinyi mnaosoma, mngepita wapi? Mimi nilikataa, wakaondoka.

Msimu ulipoisha Nizari akapata timu Uarabuni. Kule akapumzika, goti likapona, akaanza kufunga tena. Mji ukapiga makofi: mnaona, kamkimbia bibi tu, nyota imerudi!

Alinipigia simu akilia. Akaniomba msamaha, akasema ataeleza yote siku akistaafu, kwa sasa timu yake mpya isijue kwamba aliwahi kuumia. Ana miaka ishirini na sita. Atakapostaafu mimi nitakuwa udongo...

Wenzangu, nawaomba. Msaidieni mgeni, mpeni chakula, mkandeni akiumia. Lakini siri ya mtu msiibebe peke yenu. Awepo wa pili anayejua, hata imamu, hata padri, ili siku mwenye siri akinyamaza, pawe na wa kusimama. Mimi sikuwa naye. Na nyinyi watoto, msimwambie mama yenu akubali uongo ili nyinyi mpate kupita mtaani bila aibu.

Juzi Ramadhani amekuja tena. Safari hii ana kondoo. Kamati inataka ifanye dua hapa uani, nitamke mbele ya watu kwamba nyota niliichukua na mwenyewe nikairudisha, kisha wote watanunua tena mawese yangu. Akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mama, umezeeka. Utakufa na jina hili?"

Nikamwambia amfungue kondoo wa watu amrudishe alikomtoa. Akauliza awaambie nini wenzake.

"Sikuchukua, sirudishi."