Sweta ya Kompyuta

"Hivi jamani, kompyuta yenu inasikia baridi?"

Ndivyo jirani, mama wa maneno, alivyouliza siku moja alipoikuta kompyuta ya sebuleni imevalishwa kitambaa cha kufuma juu hadi chini. Wote walicheka, isipokuwa binti aliyekifuma. Alichukia vumbi. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu baba akiwaombea dua.

Jumamosi moja aliifunika akasahau kuizima. Aliporudi kutoka kufua, ilikuwa ya moto kama pasi, nayo imezimika. Akavua kitambaa upesi, akakificha chini ya mto.

Mama aliijaribu, isiwake. "Ni wewe na mpira wako!" alimfokea kitinda mimba. "Umeiangusha?"

"Sijaigusa, mama, haki ya Mungu!"

Wakaipeleka kwa fundi. Jirani naye hakuachwa nyuma.

"Semeni kweli," alisema fundi, mwanamke mwenye miwani minene. "Kama ilianguka siiwashi, maana nitaiua kabisa. Kama ni joto, nina njia."

Binti alimtazama mdogo wake akijifuta kamasi.

"Ni mimi," alisema. "Niliifunika ikiwa inawaka."

Fundi hakumkaripia. Alitoa diski mbovu iliyofunguliwa, chombo kinachotunza sauti na picha ndani ya kompyuta. Ndani sahani iling'aa kuliko kioo, na juu yake palikuwa na mkono mwembamba kama mguu wa mbu.

"Sahani hii huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ncha hii huelea juu yake bila kuigusa. Pale katikati, hata unywele wako haupiti."

Binti alisahau kupumua. Kumbe baba alikuwa amelala mahali pa ajabu namna hii!

"Mungu ni mkubwa," mama alinong'ona.

"Joto likizidi, vyuma hutanuka, ncha ikapotea njia. Kwa hiyo usizibe matundu, usiibane ukutani, na feni yake uipanguse vumbi."

Alifungua kompyuta, akaisafisha kwa brashi, akaielekezea feni ya mezani mpaka ikapoa. Alipoiwasha ilivuma taratibu, kisha sauti nzito ikajaza chumba: "Ee Mola, walinde wanangu..."

Fundi akainakili dua ile kwenye diski nyingine.

Mama alimvuta kitinda mimba kifuani, "Nisamehe, kipenzi," kisha akamgeukia binti. "Mwanangu, kukipenda kitu si kukifunika. Na kosa ni vivyo hivyo: ukilifunika, huunguza ndani kwa ndani. Umefanya vyema kulifunua."

Jirani alikohoa. "Fundi, na friji je? Ukiibana ukutani, ukaifunika na blanketi?"

"Nayo hupumua, mama."

Jirani alishika mkoba wake, akatoka mbio kwenda kuivua friji yake blanketi.