Hodi kwenye Jumba la Mkuu wa Bandari

Siku mlango ule ulipoitika "Karibu," wageni walipiga makofi. Walidhani ni mchezo uliopangwa.

Aliyebisha hodi alikuwa mtembeza watalii, mwanamke ambaye kisiwa kizima kilimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua sikukuu. Kisiwa chenyewe ni kidogo, mji mtupu kutoka ufuko hadi ufuko. Ukigombana na mumeo upande huu, majirani wa upande ule wanakuja kuamua. Kila siku Kasuku aliwapitisha wageni njia ile ile: bustani ya mizinga, ngome, mnara wa taa, bustani ya chemchemi, na mwisho jumba la mkuu wa bandari, lililopigiliwa misumari tangu enzi za mababu, homa ilipoifagia familia nzima. Hapo aliwaonyesha dirisha la chumba alimofia mtoto, na walipokwisha kunywea, aligonga mlango.

"Hodi wenyewe! Hamjambo humo? Haya, mkirudi njooni kwangu, mlango uko wazi!"

Wageni walicheka, wakampenda. Mwenye akili habishi hodi kwa marehemu, lakini ukishazoea kuchekewa hujiulizi unamtania nani.

Siku hiyo sauti ilikuwa ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kupokea watu. Ilisema "Karibu." Makofi yalipokwisha ikaongeza, "Asante. Tutakuja."

Kasuku alicheka pamoja na wageni wake. Kisha akawaondoa hapo upesi kuliko siku zote.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nyumba yake ilianza kunuka chokaa mbichi na kinyesi cha popo. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharage sebuleni, alikunja pua.

"Mke wa mwanangu, umefuga nini humu?"

"Sijafuga kitu, mama. Ndiyo kwanza natoka kazini."

"Basi umekanyaga. Hebu angalia viatu."

Kabla hajaangalia, nyayo zilisikika ukumbini, nyingi, za polepole, nyayo za watu wasiojua waendako wanaosubiri kuambiwa. Zikasimama. Mtu akasafisha koo, na Kasuku akakijua kile kikohozi: kilikuwa cha mtembezaji mwenzake anayeanza maelezo.

"Hapa," ilisema sauti, "ndipo walipokuwa wakikaa mchana. Bibi alikipenda kiti kile. Alikuwa na ulimi mkali."

"Alikuwa?" mama mkwe akanong'ona. "Nani huyo alikuwa? Si mimi huyu nimekaa?"

"Nyamaza, mama. Usimjibu."

"Ananizika nina maharage mapajani, halafu ninyamaze!"

Mumewe Kasuku alikuwa fundi wa kufuli. Jioni ile alibadilisha kila kufuli ya nyumba, kazi nzuri kweli, isipokuwa asiyepita mlangoni humfungii kwa ufunguo. Mchana uliofuata nyayo zilisimama mlangoni kwanza, na sauti ikazisifu zile kufuli. "Kazi ya baba mwenye nyumba," ilisema. "Alikuwa fundi hodari." Mume akakaa chini, bisibisi mkononi, kama mtu aliyesomewa wasifu wake msibani.

Basi ikawa kila siku wanasogea. Sebule, kisha jiko, kisha chumba cha mama mkwe, kisha cha mume na mke. Kilichobaki ni chumba cha mwisho, cha binti yao wa darasa la tatu, pengo mbele, kucheka kwingi. Hapo ndipo Kasuku alipoacha kula, kwa kuwa yeye aliijua kazi. Mtembezaji hodari hukiacha cha kuliza watu mpaka mwisho.

Walikimbia, wakavuka daraja la kwenda bara mpaka kwa dada yake. Mchana ulipofika, harufu ya chokaa ikaja, na sauti ikasema ukumbini kwa dada, "Na huku ndiko walikokimbilia, kwa muda."

"Ndugu yangu, nakupenda," dada alinong'ona akiwakumbatia wanawe, "lakini na mimi nina watoto. Rudini kwenu."

Wakamwita mganga, mzee mwenye mkoba na heshima zake. Alikaa, akafukiza, akasoma, akasikiliza. Kisha akauliza, "Walibisha hodi?"

"Hapana, mzee," Kasuku akajibu, macho chini. "Nilibisha mimi. Nikawakaribisha. Kila siku, miaka."

Mganga akaanza kufunga mkoba. "Jini la kuvamia nalitoa. La kualikwa nitalitoaje? Lina haki zaidi yangu humu ndani."

Ukumbini, kwa adabu, sauti ikasema, "Na huyu ndiye mganga aliyeitwa. Alishindwa." Mzee aliondoka kiatu kimoja kikiwa mkononi.

Kasuku akaenda jumbani peke yake, akagonga mpaka vifundo vya vidole vikatoka damu, akilia kwamba mwaliko ameufuta, kwamba wamchukue yeye. Hakuitikiwa. Wenyewe walikuwa wametembea.

Alirudi mbio akawakuta kitandani kwa binti, mume na nyundo yake, bibi na dua zake zilizochanganyika na matusi, na yeye akamkumbatia mtoto kwa mikono na miguu kama anayetaka kumrudisha tumboni, huku harufu ikipanda, chokaa ikitoa machozi, na nyayo zikija ukumbini bila haraka, zikipita sebule, zikipita jiko, kwa kuwa kule walishakuona, mpaka chumba kikajaa pumzi za watu wasioonekana na mashuka yakaanza kubonyea pembezoni kama vile wengine wameyaegemea.

"Na hiki," ilisema sauti kwa upole, "ndicho kitanda cha binti yao. Kimeachwa vilevile kilivyokuwa siku ile."

"Mama," mtoto akanong'ona, "kwa nini wote wananiangalia mimi?"

"Siku gani?" Kasuku akapiga kelele. "Niambie basi! Siku ipi?"

"Swali zuri, mama," ilisema sauti. "Tutalifikia. Tusogee kidogo, na walio nyuma waone."