Kigoda cha Chumba cha Pasi

Asubuhi ile, enyi wenye nyumba, chumba cha pasi kilikuwa kimetulia. Mashati yananing'inia, mvuke unapanda, na mama wa dobi anakunja shuka huku akijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna nyumba inayonyoosha nguo kama yake. Sheria yake ilikuwa moja tu: mtu hapigi pasi akiwa amekaa. Kukaa ni uvivu, na uvivu huacha mikunjo.

Sasa mkwe wake, mke wa dobi, alikuwa na malaria. Alipimwa, akapewa dawa, homa ikashuka. Lakini kila akiinuka kitandani macho yanaingia giza, anashika ukuta. Akilala tena, anazungumza vizuri tu. Mama mkwe akaliona hilo, akasonya. Ugonjwa gani unaomjia mtu akiona kazi? Akilala mzima, akisimama hoi! Dobi alijaribu kumtetea mkewe, akaambiwa amekaliwa na mke, akarudi kwenye ndoo zake za kufulia.

Mke aliomba kigoda tu, anyooshe ameketi.

"Kigoda kaombe kwenu," mama mkwe akamjibu. "Hapa tunasimama."

Mke akainuka. Akashika pasi ya moto, akayumba, akaanguka nayo. Pasi ikamlalia mkono wa kulia, na yeye hana fahamu hata ya kuutoa. Na yule mama, nisikieni vizuri, alisimama palepale akimwambia aache maigizo, mpaka harufu ya ngozi inayoungua ilipomfika puani.

Kule zahanati muuguzi alimpima presha akiwa amelala, kisha akamwinua taratibu na kumpima tena. Ilikuwa imeporomoka. Malaria huweza kufanya hivyo, akasema, hasa mgonjwa akiwa amepungukiwa maji. Kidonda kilipona, lakini vidole havikukunjuka tena.

Mvua zilizofuata, malaria ikamshika mama mkwe mwenyewe. Aliinuka kitandani, giza likamvaa, akaita kwa hofu. Mkono uliomdaka ulikuwa na vidole vilivyokakamaa. Akasogezewa kigoda.

"Kaa," mkwe wake alisema. "Sijakusamehe. Lakini kaa."

FUNZO

Mwenye malaria asiinuke ghafla, hata kama homa imeshuka. Aketi kwanza, anywe maji, ashikwe mkono; akizidi kuona giza, arudishwe zahanati. Nawe unayepima ugonjwa wa mwenzako kwa kazi unayomtaka aifanye, hujapima ugonjwa. Umepima roho yako mbaya, na siku moja utaomba kigoda.