Saini ya Mtu Asiyekuwapo

Siku ya kwanza ilikuwa wino tu. Mama Pacha aliingia ofisini saa moja na nusu, akaweka mkoba, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akalivuta daftari la mahudhurio ili asaini mara mbili kama alivyozoea: mara moja kwa jina lake, mara moja kwa jina la Bwana Koti. Akakuta Bwana Koti kashasaini. Akaligusa lile jina, kidole kikatoka na wino.

Akageuka. Chumbani hamkuwa na mtu. Koti lilikuwa pale pale, kwenye mgongo wa kiti.

Sasa ngoja niseme habari za hilo koti, maana bila koti hadithi hii haina miguu. Ile ilikuwa ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo, madirisha matatu, benchi mbili na feni moja bovu. Dirisha la tatu, ambapo vyeti vinatiwa saini na kugongwa muhuri, lilikuwa la bwana mmoja mwenye duka la mabati na misumari mtaa wa pili. Siri yake ilijulikana na kila mtu isipokuwa wale waliopaswa kuijua. Jumatatu asubuhi alileta koti lake la kijivu, akakivisha kiti, akafungua faili moja mezani, akaweka miwani ya zamani juu yake, kisha wiki nzima haonekani. Ukiuliza dirishani unajibiwa, "Yupo, koti lake si lile pale? Katoka kidogo." Nawe unakaa kwenye benchi unalitazama koti. Wako waliosubiri cheti cha mtoto mpaka mtoto akaja kukichukua mwenyewe.

Aliyemsainia mahudhurio ni Mama Pacha wa dirisha la pili, na alimsainia miaka kumi na mmoja. Msimhukumu upesi. Alipojifungua wale pacha wake, wadogo kama viganja, mume kashatoroka na nguo za watu kwenye kamba, Bwana Koti ndiye aliyemshikia kazi miezi mitatu bila mkuu wa ofisi kunusa. Wema kama huo unalipwaje? Akaanza kumsainia siku moja, siku ikazaa wiki, wiki zikazaa miaka. Kila asubuhi, kwa mkono wake, kwa tarehe na saa, aliandika kwamba kwenye kile kiti kuna mtu.

Jumatano akakuta tena pamesainiwa. Alhamisi tena. Mama Pacha akaanza kumtilia shaka mkuu wa ofisi, kwamba kamtegea mtego. Akamtilia shaka yule dada wa dirisha la kwanza, ambaye siku hizo alikuwa akimsalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida, na mtu asiyekupenda akichangamka ujue kuna jambo. Mwisho akampigia simu mwenyewe.

"Kaka, siku hizi unakuja ofisini alfajiri?"

"Nije kufanya nini?" Bwana Koti alicheka, na nyuma yake mabati yakasikika yakiburutwa. "Dada, hebu niache, nina mteja."

"Basi nani anasaini?"

"Si wewe?"

Simu ikakatwa. Mama Pacha akabaki ameishika sikioni, na ndipo aliposikia mlio upande wa dirisha la tatu, nyuma ya ukuta wa mbao uliowatenganisha: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko. Ni muhuri. Na kwa ufa wa ule ukuta ikaingia harufu ya kijiti cha kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Watu walikuwa wakitoka dirisha la tatu na vyeti vyao mkononi, wanacheka kama waliotoka harusini. Bibi mmoja akasimama mbele ya Mama Pacha kumwonyesha. "Yule baba Mungu ambariki, ana mkono mwepesi! Miezi saba nazungushwa, leo dakika tano." Mama Pacha akakipokea cheti akitazame. Kilikuwa cha moto, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Saini ilikuwa ya Bwana Koti, nzuri, imenyooka kuliko ile ya Bwana Koti mwenyewe.

Adhuhuri, joto limekomaa, dada wa dirisha la kwanza amelowa mpaka ukosi, Mama Pacha akajikaza akazunguka ule ukuta. Akamwona kwa nyuma. Mgongo umejaa ndani ya koti, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na kwenye ile shingo hapakuwa na hata tone moja la jasho.

"Kaka?" akanong'ona. "Ni wewe?"

Muhuri ukasimama hewani. Kichwa hakikugeuka.

"Umeandika ni mimi," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Bwana Koti, ila ya mtu asiyevuta pumzi.

"Wewe ni nani?"

"Miaka kumi na mmoja, dada, kila asubuhi unashuhudia kwamba nipo. Kwa wino. Kwa tarehe. Unadhani maneno hayo yote huishia kwenye karatasi? Nilisikia naitwa, nikaitwa, nikaitwa. Nikaja." Muhuri ukashuka, ko. "Rudi ukakae. Watu wanasubiri."

Akarudi akakaa. Angefanyaje?

Jioni ile, jua halijazama, mtu akagonga mlango wa nyumba yake. Naam, nyumba yake kwa kusema tu. Ilikuwa ya serikali, vyumba viwili na uani, anakaa humo na pacha wake walioingia darasa la tano mwaka huo, na siku kazi ikitoka na nyumba inatoka. Akafungua, akamkuta Bwana Koti. Shati la dukani, vumbi la mabati kwenye nyusi, midomo mikavu.

"Dada, nitazame usoni. Mimi ni nani?"

"Kaka, ingia ndani."

"Nijibu kwanza!"

"Wewe ni kaka yangu wa dirisha la tatu. Ingia, majirani wana masikio."

Akaingia akakaa kwenye ncha ya kiti, akaeleza. Alikwenda ofisini mchana ahakikishe huo uzushi wa simu, mlinzi akamzuia getini akamwambia ashike foleni kama wananchi wengine. Mlinzi yule yule ambaye yeye mwenyewe alimgawia misumari ya bure! Akarudi dukani, na vijana wake wa kazi wakamuuliza anataka bati la geji gani. Akashika njia ya kwake, akagonga, mkewe akafungua mlango nusu, akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa kuuza mashuka, akasema, "Baba watoto yumo, anakula. Una ujumbe?" Naye kwa juu ya bega la mkewe akaiona meza yake, na watoto wake wamekaa kuizunguka wanacheka, jambo asilokumbuka kuliona mezani kwake tangu lini, na chini ya meza akaziona ndara zake mwenyewe, zile alizozishona upande mmoja kwa uzi mwekundu, zimevaliwa, na zile nyayo zilizozivaa zilikuwa zimetulia, hazitikisiki hata kidogo, kama viatu vilivyowekwa dirishani mwa duka.

"Alinitazama," akasema. "Akainua kikombe kunisalimu. Dada, nimeanza kusahau jina la mama yangu."

Hapo Mama Pacha akajifunga kanga ya pili, wakatoka pamoja kwenda kwa bibi mmoja wa dawa, mtaa wa nyuma. Bibi huyo hana makuu. Anatoa majini asubuhi, mchana anafua. Walimkuta anaanika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Semeni, maji yasije yakapoa."

Wakasema. Bibi akamsikiliza Bwana Koti huku akimkodolea macho kama anayesoma maandishi yaliyofifia, kisha akamgeukia Mama Pacha.

"Mwanangu, jini aliyeingia mwilini mimi namtoa kwa ubani na fimbo. Huyu wenu kaingia kwa maandishi. Hutolewa na mdomo wa aliyemwandika, mbele ya mtu wa daftari. Useme: nilisaini, hakuwapo. Basi. Koti litaanguka tupu."

"Nikisema hivyo bibi, nafukuzwa kazi."

"Sikukuuliza unafukuzwa nini. Na uwahi. Hao watu wenu wa uhakiki wanakuja lini?"

Mama Pacha akashtuka. Tangazo la uhakiki lilikuwa ukutani wiki nzima: mkaguzi kutoka makao makuu atafuta majina ya wafanyakazi hewa, kila mtumishi akutwe kwenye kiti chake, na jirani yake wa kiti amshuhudie kwa maandishi.

"Kesho," akasema.

"Ehe! Akishahakikiwa na serikali," bibi akakamua shuka, "hata mimi nitampa shikamoo."

Usiku ule Mama Pacha alimwapia Bwana Koti kwamba atasema. Aliapa kwa watoto wake, na nadhani alimaanisha. Tatizo la kiapo ni kwamba hakijui kesho kutakuwa na watu gani chumbani.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Mkuu wa ofisi alikuwa nyuma yake akipangusa jasho. Kwenye kiti cha dirisha la tatu kilikaa kile kitu, koti limefungwa, mikono juu ya meza, vyeti vya wiki nzima vimepangwa kando yake bila hata kimoja kubaki. Na nje ya kioo, kwenye foleni, alikuwa Bwana Koti, paji la uso limegandana na kioo.

"Shikamoo mama. Unamfahamu huyu?"

"Marahaba baba. Namfahamu."

"Ndiye mwenye kiti hiki? Ndiye aliyekuwapo siku zote zilizoandikwa humu?"

Mama Pacha akamtazama Bwana Koti, naye nje ya kioo midomo yake ilikuwa ikisema neno moja bila sauti, sema, sema, sema, na pumzi yake haikuacha ukungu wowote kwenye kioo, na Mama Pacha akawaona pacha wake wamesimama barabarani na godoro, akamwona dada wa dirisha la kwanza amesogea karibu asikie vizuri, akamwona mkuu wa ofisi anamtolea macho ya kumwambia asimharibie siku, akainusa ile harufu ya kiberiti ikimpanda puani, na kile kitu, kwa mara ya kwanza, kikageuza uso kikamtazama, uso wa Bwana Koti kabisa, mzuri hata, umenyolewa, umepumzika, usiopepesa macho, nao ulikuwa unatabasamu kama mtu anayejua jibu.

"Ndiye," akasema. "Hajakosa siku."

Akapewa fomu, akasaini.

Nje, watu wakasogea hatua moja, kama vile pale mbele hapakuwa na mtu.

Mkaguzi akataka kufunga daftari. Kile kitu kikainua kidole kwa adabu.

"Samahani, bwana mkaguzi. Kabla hujafunga, tazama kurasa za nyuma. Saini yangu ya wiki hii unaiona. Zile za nyuma ni za mkono mwingine. Nasikitika kusema, kuna mtu anaghushi jina langu."

Mkaguzi akafunua. Akafunua tena. Akaiweka fomu ya Mama Pacha, ile aliyoisaini sasa hivi, kando ya miaka kumi na mmoja ya mahudhurio. Mkia wa herufi ni ule ule. Hata mtoto angeona.

"Mama," akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Hakuwapo!" Mama Pacha akapiga kelele, na sasa lile neno lilitoka lenyewe, limechelewa. "Nilisaini, hakuwapo! Huyu si yeye! Yeye yuko pale nje!"

Wote wakatazama kioo. Walimwona mwanamke ana mtoto mgongoni, na mzee mmoja anapiga miayo.

"Umeniandikia mbele yangu kwamba hajakosa siku," mkaguzi akasema.

"Kama sikuwapo, dada," kile kitu kikamuuliza kwa upole, "mimi ni nani?"

Koti halikuanguka. Mkuu wa ofisi akasema kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka na yule mama. Wakubwa huwa hawakosi mashaka, mambo yakishaisha. Kufika saa nne jina lake lilishapigwa mstari, akapewa mkoba wake na siku saba za kuhama nyumba.

Akatoka mlango wa mbele akilia, kisha akakumbuka, akataka kurudi ndani aseme tena, aseme vizuri, aseme kwa sauti. Mlinzi akamwekea mkono. Alikuwa akimtania kila asubuhi mlinzi huyo, akimwita mkwe. Sasa alimtazama juu mpaka chini.

"Mama, mlango huu ni wa watumishi. Kama una shida, foleni inaishia kule."

Akatazama kule. Mstari ulizunguka jengo mpaka kwenye ukuta wa choo, na mtu wa mwisho kabisa, aliyesukumwa na waliokuja baada yake mpaka akafika huko, alikuwa Bwana Koti. Mama Pacha akaenda, akasimama, akatafuta cha kumwambia. Bwana Koti hakumkasirikia. Alimtazama muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi, kisha akampisha kivuli kidogo, kama watu wanavyofanyiana kwenye foleni.

"Wewe, dada," akasema, "uko nyuma yangu."