Abiria wa Kiti cha Mbele

Asubuhi ile kwenye soko la Kikula, mjini Likasi, wauza petroli walikuwa wamepanga chupa zao kando ya barabara, na wauza mikate waligombania kivuli cha ukuta mmoja. Hapo ndipo Renault nyeupe ya Fidélie ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza. Kijana mwenye salopeti ya bluu, ile ovaroli ya kazi, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama wima, akagonga dirisha.

"Dada, chauffeur iko wapi? Tumusaidie kusukuma."

"Chauffeur unamuona."

Kijana akachungulia kiti cha nyuma kumtafuta dereva. Alikuwemo mwalimu mwenzake Fidélie tu, aliyeitwa Mimi, akizuia kicheko kwa kiganja.

"Usitafute mwingine, papa," Mimi akasema. "Ni yeye."

"Weye?"

"Miye," Fidélie akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, maana hakuzaliwa na maneno mengi, lakini mikono yake haikuachia usukani. "Démarreur, ile stata, ilikufa. Mwenye kusukuma ndiye mwenye kupanda. Unaenda wapi?"

"Kambove, ku kazi."

"Na sisi njo pale tunaenda. Sukuma."

Akasukuma. Gari likateleza na mteremko, likashtuka, likawaka. Kijana akalikimbilia na kujirusha kwenye kiti cha mbele, jasho kichwani na meno yote nje. Aliitwa Georges, fundi wa umeme wa kiwanda cha Kambove.

Ulikuwa mwaka wa 1994. Mabasi ya wafanyakazi yalikuwa yamelala bila magurudumu. Walimu wengi walikuwa wamepanda treni na kuondoka wakati wa zile fujo za kufukuza watu wa mkoa mwingine, na umeme wa bwawa la Koni ulikuja na kukatika bila kuaga. Lakini kila jua lilipochomoza Fidélie alikuwa barabarani, kikwembe chake cha kitenge kimefungwa barabara, viatu vyake vya visigino vimepakatwa na Mimi, maana aliendesha miguu mitupu. Baba yake, mzee Michel, fundi wa magari aliyeshindwa na miguu, ndiye aliyemfundisha. "Usukani haujui mwanamume wala mwanamke," alizoea kusema. "Unajua mikono."

Ishirini na tano na zaidi zilikuwa kilomita zile, za mashimo, za vizuizi vya askari, za petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Wanafunzi wa Kambove walisikia mlio wa Renault kabla ya kusikia kengele. Tangu mwaka wa shule uanze, Fidélie hakuwa amekosa siku hata moja, na jambo hilo alilibeba kifuani kama medali isiyoonekana.

Georges naye akawa mtu wa kila siku. Injini ilipochemka, alikimbia mtoni na kurudi na maji ndani ya kofia yake ngumu ya kazi, akiyamwaga nusu njiani.

"Shimo ku kushoto, chérie!"

"Ile shimo naijua tangu Pasaka. Na nani alikupa ruhusa ya kuniita chérie?"

"Gari. Tuliruka mu shimo ya kwanza, jina ikatoka yenyewe."

"Miye sisikie kitu," Mimi akasema kutoka nyuma. "Mufanye kama niko mufuko ya muhogo."

Fidélie akacheka hadi akasahau kubadilisha gia. Mwezi ukapita, na wa pili. Siku moja Georges aliweka mkono wake juu ya mkono wa Fidélie pale kwenye gia, wakaenda hivyo mpaka shuleni, na Mimi akaangalia miti.

Lakini kila jioni, kabla ya kuingia Likasi, pale barabara inapokatiza reli, Georges alisema, "Niache hapa, nanyoosha miguu."

"Kila siku unanyoosha?"

"Iko mirefu."

Kutoka relini mpaka kwao Georges ni mwendo wa nusu saa na zaidi kwa miguu. Mimi hakusubiri muda mrefu kutoa hukumu.

"Muntu ya kushuka ku reli iko na bibi mu Kikula. Na batoto pengine. Uliza."

Fidélie hakuuliza kama Georges ana mke. Alikosa usingizi siku tatu. Jioni ya nne, Mimi alipokuwa amebaki Kambove kwa shangazi yake, gari likafika relini, na Fidélie hakukanyaga breki.

"Fidé! Umepita!"

"Nimeona."

Wakaingia mjini. Mbele ya buvette moja, baa ndogo ya kando ya njia, wanaume watano wenye salopeti za bluu walikuwa wamekaa na chupa zao, na katikati yao Barnabé, mjomba wake Georges. Hapo Georges akainama. Akainama mpaka kichwa kikafika magotini, kama mtu anayefunga kamba za kiatu, na kamba zake zilikuwa zimefungwa.

Fidélie akaendesha hadi kona, akasimama.

"Uko na bibi?"

"Bibi? Hapana! Naapa."

"Sasa unamuficha nani?"

Georges akajifuta uso. "Bale bantu, Fidé. Banacheka. Banasema mwanaume mwenye kubebwa na mwanamuke kila siku ni mutoto ya mugongo, ya kufungwa mu kikwembe. Ni wao tu. Miye moyo yangu..."

"Ingekuwa bibi, ningelia, nikamaliza," Fidélie akasema polepole. "Lakini unanionea haya miye. Shuka."

Akashuka. Kuanzia kesho yake alikwenda kazini juu ya magunia ya lori, vumbi likimfanya mzee.

Shuleni kulikuwa na simu moja ya zamani, iliyounganishwa na kiwanda tu. Wiki iliyofuata ikalia, na mkuu wa shule akamwita Fidélie, kisha akajifanya anatafuta kalamu.

"Allô? Fidé wangu, nimefikiri. Mu njia ya Kambove utaendesha weye. Tukifika ku reli, nashika usukani miye. Bote batafurahi."

"Unajua kuendesha?"

Waya ukanguruma.

"Nitajifunza."

"Kwa hiyo utatuua ili bantu wasicheke."

Mkuu wa shule akakohoa, kichwa ndani ya kabati. Fidélie akamgeuzia mgongo, na sauti yake, ile ndogo, ikanyooka.

"Nisikilize, Georges. Mabasi yalikufa, bakubwa walikimbia, miye nilikuja. Kila siku. Batoto arobaini wanajua kusoma sababu ya ile gari. Sitatoka mu kiti yangu hata kwa dakika moja. Mwenye kunipenda akae pembeni yangu, kichwa juu." Akakata.

Alirudi nyumbani siku zile na kiti kitupu kando yake. Mara mbili alinyoosha mkono kwenye gia na kuuacha pale.

Siku ya kumi simu ikalia tena.

"Nilimuambia mama ukweli," Georges akasema. "Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza nilibebwa mu tumbo ya nani. Fidé, Jumapili tunakuja kwa baba yako kukuomba ndoa. Baba yako anajua tayari. Lakini gari hatuna, na mama magoti inamuuma. Unaweza kutubeba?"

Fidélie akashika ukingo wa meza. "Tutapita njia gani?"

"Mbele ya buvette. Muchana."

Jumapili mama yake Georges, mama Berthe, aliketi nyuma na kikwembe kipya, kando ya mjomba Barnabé aliyekuwa akinung'unika tangu mlangoni. "Muchumba kutubeba sisi kwenda kumuomba! Ilionekana wapi?"

"Imeonekana leo," mama Berthe akasema. "Sogea, unakalia kikwembe yangu."

Georges alikaa mbele na suti ya kahawia, kioo kimeteremshwa, kiwiko nje. Walipofika kwenye buvette, wenzake wakainuka na kupiga miluzi. "Eh, mutoto ya mugongo!"

"Ndiyo, njo miye!" Georges akapaza sauti, akitoa kifua nje ya dirisha. "Na chauffeur kama wangu, muko naye? Tafuteni wenu!"

Kwa desturi msichana anayeombwa hufichwa chumbani hadi wageni waketi. Fidélie akawashusha mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba mbio, viatu mkononi, akaingia kwa mlango wa jikoni. Shangazi alikuwa bado anamfungia kikwembe alipoitwa.

Mzee Michel alikuwa kitini pake. Ndugu yake Urbain, msemaji wa familia, akasimama na kuuliza swali ambalo kila binti wa nyumba ile aliulizwa:

"Fidélie, bantu hawa wamefika kwetu wanasema wanakutafuta weye. Unawajua?"

Fidélie akamtazama Georges, kisha akainua kichwa mbele ya watu wote.

"Nawajua, baba. Ni miye niliwaleta."