Dakika Nne

Kibanda cha fotokopi kilijaa mpaka mlangoni siku hiyo, kila mtu na bahasha yake, maana kampuni ya kompyuta ya ng'ambo ya barabara kuu ilikuwa imetangaza kazi. Mwenye kibanda, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Fotokopi, alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, kalamu sikioni.

"Dada, nina haraka," akasema kaka mmoja. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate.

"Na hawa wote wamekuja kutembea?"

Watu wakacheka.

"Basi nitasubiri nikikutazama."

"Kutazama ni bure, Bwana Pasi. Fotokopi unalipa."

Zamu yake ikafika. Nakala ya kwanza ya cheti chake ilitoka imefifia, Dada akaitupia kwenye droo ya karatasi za kuandikia nyuma. Ya pili ikatoka safi. Kaka akaichukua akaondoka, akasahau cheti chenyewe kwenye kioo, kama wasahauvyo wengi. Alirudi mbio, jasho linamtoka.

"Kumbe umesoma shule ya mtaa huu huu!" Dada akasema. "Wewe ni mwenzetu."

"Zamani," akajibu kwa sauti ya chini. "Sasa natumia anwani ya mjomba. Usimwambie mtu."

Aliomba namba ya simu, akapewa. Ikawa kila jioni ni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Haya, kesho usije kuniambia una njaa."

Dada alipenda kweli. Alianza hata kupaka wanja akiwa kazini.

Lakini alikuwa na mdogo wake, binti aliyesomea kompyuta akamaliza na alama za juu. Dada ndiye aliyemsomesha kwa kibanda kile. Binti akatuma maombi kwa kampuni ile saa nne kamili. Saa nne na dakika nne jibu likaja: hufai. Akatuma tena mara mbili, kila mara dakika nne.

"Nani anasoma barua kwa dakika nne?" Dada akauliza.

Akafungua daftari, akawauliza wengine waliotuma maombi. Watu arobaini na mmoja wa mtaa ule, wote dakika nne. Akaituma tena barua ile ile ya mdogo wake, safari hii akiandika anwani ya shangazi, anayekaa mtaa wa matajiri. Jibu: karibu kwenye usaili.

Basi wakaunda kamati, kinyozi akawa mwenyekiti, wakadai kikao na kampuni. Jioni Dada akampigia mpenzi wake kwa furaha. Akamweleza yote.

"Iacheni hiyo, mpenzi. Nilipata kazi pale siku zile zile, nikakuficha. Chujio la kwenye kompyuta, linalokataa anwani za mtaa huo, nimeliandika mimi."

"Mtaa wako mwenyewe, kwa vidole vyako?"

"Niliagizwa. Ningekataa, wangejua nimetoka huko."

Dada akakata simu. Alilia mpaka ukosi wa gauni ukalowa. Halafu akanawa uso, akafungua droo ya karatasi zilizofifia.

Siku ya kikao alivaa nyekundu. Bwana Pasi alikaa kulia kwa mkurugenzi, hakuthubutu kumtazama. Dada akafunika jina kwenye ile nakala ya cheti iliyofifia kwa kidole, akasoma alama zote moja moja, polepole.

"Mheshimiwa, mtu wa alama hizi mngemchukua?"

"Hata leo!"

"Jana nilituma maombi kwa jina lake, na anwani ya mtaa aliokulia. Mashine yenu imemkataa kwa dakika nne."

"Ni nani huyo?"

"Muulize jirani yako wa kulia."

Shati jeupe likalowa jasho kifua kizima. Dada aliona, na moyo wake ukapoa kama aliyekunywa maji. Kaka akasimama. "Ni mimi," akasema. "Na chujio ni langu."

Chujio likaondolewa. Arobaini na mmoja wakaitwa upya, kumi na tisa wakapata kazi, mdogo mtu akiwamo.

Bwana Pasi akaja kibandani na bahasha. "Nakuomba unioe... yaani, nikuoe."

"Panga foleni."

Akapanga. Alipofika dirishani, Dada akaipokea bahasha, akatazama saa ya ukutani.

"Kuna ishirini na wawili waliokosa. Wafundishe usaili hapa, kila jioni. Siku yule wa mwisho akipata kazi, nitaifungua."

"Hiyo inaweza kuchukua mwaka!"

"Ulitaka dakika nne?"

Ilichukua mwaka na miezi miwili. Alifundisha mpaka mashati yake yakasahau pasi. Siku yule wa ishirini na mbili alipoitwa kazini, Dada akaichana bahasha, akasoma mpaka mwisho, taratibu, mwenye barua amesimama mbele yake.

"Hii anwani uliyoandika ni ya nani?"

"Yangu. Ya mtaa huu."

Dada akasogeza kiti. "Haya. Kaa."